Nani Kayakaza Mapanga ya Jairo Yangu?

Jumapili, Dodoma. Upepo umeanza kupiga mabati tangu alfajiri na mpaka sasa haujanyamaza. Vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Siku nyingine ningelalamika, ila leo nauacha upige, maana kama kuna kitu chenye hasira kunizidi katika mji huu ni huo upepo.

Nimekasirika, shajara. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kukata vitunguu. Nyumba nzima jioni hii inakula mkate na chai, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Hilda, ni mtumishi wa serikali pale Mtumba. Jumatatu hadi Ijumaa ni mafaili na vikao. Jumamosi narusha vindege vya rimoti. Tuko kikundi kidogo, karibu wote watu wa maofisini, na tuna uwanja wetu nje ya Mtumba, ardhi tambarare ambayo mwenyewe ameturuhusu tuitumie. Wenzangu wanarusha ndege za kawaida, zile za mabawa. Mimi narusha jairo.

Jina lake refu ni autojairo. Ukiiona kwa mbali utasema ni helikopta, na utakuwa umekosea. Helikopta mapanga yake ya juu yanazungushwa na injini. Jairo mota yake iko puani, inazungusha propela ya kuivuta mbele basi. Yale mapanga ya juu hayana mota yoyote. Yanazungushwa na upepo unaopenya kutoka chini yake, na ndiyo hayohayo yanayoibeba. Mota ikizimika angani, jairo haidondoki kama tofali. Inashuka pole pole huku mapanga yanaendelea kuzunguka, inatua karibu na miguu yako kama kuku anayeshuka ukutani.

Mwenyekiti wetu wa kikundi anaiita pangaboi. "Hilda na pangaboi lake." Mwanzoni nilikuwa nacheka na mimi.

Jana pangaboi langu limeanguka. Leo limehukumiwa. Na leo hiihii, baada ya hukumu, nimejua nani aliliangusha. Ngoja niandike kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho nitatukana, na mama yangu huwa anasomewa hii blogu na jirani yake.

Huyo mama ndiye sababu yenyewe. Mtu ataniuliza, mwanamke mzima, unahangaika na midoli ya nini? Mimi nimekulia Haneti. Aliyekulia Haneti anajua kuamia ndege ni kazi gani. Mtama ukianza kujaza maziwa, ndege wanakuja wingu zima, na wewe kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama uko shambani unapiga debe, unapayuka, unarusha mawe mpaka bega linagoma. Mama bado anaifanya kazi hiyo, na magoti yake yalishamwambia aache. Niliwahi kujaribu ndege ya mabawa shambani kwake. Inapita mara moja kwa kasi, ndege wanaruka, ikienda kugeuka wao wameshatua tena wanakula. Walinidharau kabisa.

Jairo ni habari nyingine. Kwenye upepo wetu huu inaweza kukaa karibu palepale hewani, pua imeuelekea upepo, mapanga yanavuma. Ndege hawatui chini ya kitu kama kile. Nilimwahidi mama kwamba mtama wa msimu ujao hataupigia debe. Lakini ili nifike huko lazima niijaribu na kuirekebisha kila Jumamosi, mahali wazi, mbali na vichwa vya watu na mifugo, na mahali pa namna hiyo ni uwanja wetu tu. Nikinyimwa uwanja, mama atarudi na debe lake. Ni hivyo tu, wala sipambi.

Sasa shida yote ya jairo iko kwenye kichwa, yaani pale juu mapanga yanaposhikwa.

Fikiria jairo inakimbia mbele. Juu yake mapanga yanazunguka. Panga lililo upande wa kulia linakwenda mbele, linakutana na upepo uso kwa uso. Lililo kushoto linarudi nyuma, linakimbia na upepo mgongoni. La kulia linapata upepo mwingi, linanyanyua sana. La kushoto linapata kidogo, linanyanyua kidogo. Upande mmoja unapanda, mwingine unazama, na jairo inalala kushoto kabla hata magurudumu hayajaiacha ardhi vizuri.

Dawa yake ni bawaba. Kila panga linafungwa kwenye kichwa kwa bawaba yake, ili liweze kupanda na kushuka lenyewe. Panga linalokutana na upepo mwingi linapanda, na katika kule kupanda nguvu yake inapungua. Linalorudi nyuma linashuka, nguvu yake inaongezeka. Pande mbili zinalingana, jairo inatulia. Chukua watu wawili wamebeba beseni la maji, mmoja mrefu mmoja mfupi. Wakikunja viwiko maji hayamwagiki. Sasa wafunge viwiko kwa vijiti uone.

Nimehangaika na hicho kichwa, jamani. Cha kwanza kilikuwa na mapanga mawili yaliyounganishwa kama pembea, kikatikisa nguzo inayokibeba mpaka betri ikachomoka. Cha pili nilitumia kibamba cha faiba kinachonyumbulika badala ya bawaba, nikakata kinene mno, jairo ikawa inaruka kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Hiki cha tatu ndicho kilichoniweka hewani. Mapanga matatu, kila moja na bawaba yake, bushi ndogo za shaba ndani, bolti moja imepita katikati, na ile nati yenye plastiki ndani isiyofunguka ovyo kwa mtikisiko. Nati yenyewe unaikaza mpaka iguse, halafu unairudisha nyuma kidogo, bawaba ipumue. Nguzo nimeilaza nyuma kiasi. Uzito nimeupima kwa kuining'iniza jairo kwa kamba kwenye mlango wa jikoni, nikisogeza betri mpaka pua ikainama kidogo tu, kama mtu anayesalimia.

Ikiwa imesimama chini, mapanga yake yananing'inia. Ukilishika moja ukalitikisa, linacheza juu na chini. Asiyejua atasema hapa pamelegea. Hapajalegea. Pameachwa hivyo, kwa makusudi na kwa jasho langu. Yakianza kuzunguka yenyewe yanavutwa nje na kunyooka, hayahitaji spana ya mtu.

Tuje kwenye utaratibu wa kikundi chetu, maana mkosi wote umepita hapo.

Kuna siku, mimi nikiwa bado mgeni, ndege ya Mwenyekiti mwenyewe ililegea skrubu ya bawa angani ikapita juu ya watu waliokuwa wanakwenda zao kwa miguu. Hakuna aliyeumia. Tangu hapo tukajiwekea sheria ya mkono wa pili. Ndege yoyote, kabla ya kuruka, inakaguliwa na mtu mwingine asiye mwenye ndege. Anashika kila skrubu, kila nati, kilicholegea anakikaza. Akishaigusa yeye, mwenye ndege haruhusiwi kuigusa tena. Mkono wa pili ndiye anayeibeba mpaka kwenye mstari wa kuanzia. Mwenyekiti anasimama pale na kofia yake, mikono nyuma, anauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Umekaza?" Mkono wa pili anajibu: "Nimekaza." Basi, unarusha.

Ni sheria nzuri. Nimeitetea mimi mwenyewe mara nyingi. Iliandaliwa kwa ajili ya ndege za mabawa, ambazo kila kilicholegea ni kosa.

Mkono wangu wa pili siku zote alikuwa Gaspa, tuliyekuwa naye ofisi moja. Gaspa alikijua kichwa cha jairo kuliko anavyojua namba ya simu ya mkewe. Akifika juu anayatikisa mapanga, akiona yanacheza anafurahi. Mwenyekiti akiuliza, Gaspa anasema amekaza, akimaanisha vyote vinavyotakiwa kukazwa. Sasa Gaspa amehamishiwa Mwanza. Ndiyo maisha ya utumishi, barua inakuja unafunga virago.

Jana mkono wa pili akawa Eliasi.

Eliasi ni rafiki yangu. Ni Mhehe, mimi ni Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wetu hauna likizo. Hatujawahi kusalimiana kama watu wenye adabu. Yeye ndiye msimamizi wa usalama wa kikundi, cheo alichopewa na Mwenyekiti, na kwa kweli ni mtu makini, ana kisanduku cha spana kinachong'aa. Nilipomkabidhi jairo nikamwambia, "Mtani, huku chini kagua utakavyo. Kichwa usikiguse, hicho ni cha wenye akili." Watu wakacheka. Yeye akajibu kwamba akili za Mgogo zimepeperushwa na upepo zamani, yeye ndiye ataziokota. Tukacheka tena.

Nilikuwa namaanisha. Nilikuwa namaanisha kabisa, ila nililisema kwa mdomo wa utani kwa sababu na Eliasi sina mdomo mwingine.

Nilikwenda kuandaa rimoti, nimewapa mgongo kwa sababu ya vumbi. Nilipogeuka jairo ilikuwa mstarini. Niliona mapanga yamenyooka badala ya kuning'inia, nikadhani upepo umeshayainua. "Umekaza?" "Nimekaza." Eliasi akayasukuma kwa mkono, yakaanza kuzunguka, yakashika upepo, yakavuma. Nikaongeza mota. Ikakimbia kidogo, pua ikanyanyuka, halafu ikalala kushoto palepale. Hata sekunde ya kujitetea sikupata. Nilisukuma rimoti kulia mpaka mwisho, hola. Panga moja likapiga chini likakatika, jairo ikajizungusha kwenye vumbi, ikanyamaza.

 Halafu nikamsikia Mwenyekiti nyuma yangu, "Si nilisema?"

Sikuigusa. Sikutaka kuona. Niliokota vipande nikavifunga kwenye khanga, nikaondoka. Mtu aliyewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake atanielewa.

Leo baada ya kanisa tuliitwa kikao, kwenye kibanda cha nyama choma tunakokutana siku zote. Nikaenda na khanga yangu na vipande vyangu, nikaiweka chini katikati ya viti. Nilidhani tunakwenda kutafuta sababu. Nilidhani mtu atasema, hebu tuone. Mjinga mimi!

Mwenyekiti akaagiza soda, akapangusa kofia, akaanza. Eti jairo kwa asili yake haina utulivu. Eti hata ukiiangalia tu unaona, mapanga yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Eti ndege ni kitu kigumu, kilichoshikana, na kitu kinacholegalega hakiwezi kuwa ndege. Hivi huyu mtu ameniona nikirusha jairo mara ngapi? Amekaa hapo amekunja nne, amenywa soda huku jairo yangu imesimama hewani juu ya kichwa chake kama imetundikwa, akasema "ona pangaboi," akapiga na makofi! Leo haina utulivu?

Nikaeleza. Nilieleza viwiko, nikaeleza beseni, nilisimama nikanyoosha mikono kama panga linalopanda na linaloshuka, mpaka mchoma nyama akaacha kupepea moto akawa ananitazama mimi. Nikasema ikilala kushoto namna ile maana yake bawaba hazikufanya kazi, tuzitazame. Mwenyekiti akaniambia, "Dada Hilda, hasira hazitusaidii."

Hasira! Bado hata sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naeleza.

Mwanaume akieleza kwa mikono ni mtaalamu, mimi nikieleza ni hasira. Sawa.

Halafu akasema, wanaokubali kwamba jairo zisirushwe tena kwenye uwanja wetu wanyooshe mikono. Jairo zipi? Iko moja tu nchi hii yote ya Dodoma ninayoijua, na iko hapo chini kwenye khanga! Si aseme tu Hilda asirushe. Mikono ikapanda. Ikapanda yote. Mkono wa Eliasi ulipanda wa mwisho, na macho yake yalikuwa kwenye chupa ya soda.

Niliumia hapo kuliko nilivyoumia jana uwanjani. Lakini nikasema moyoni, huenda anaamini kweli jairo ni hatari. Mtu ana haki ya kuamini.

Kitu kinachonikaba mpaka sasa ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeinama kuifungua ile khanga. Watu wazima, waliosoma, wanaopitisha nyaraka za nchi, wamekihukumu kitu kikiwa kimefungwa miguuni pao. Mmoja alisogeza kiti chake asikikanyage. Huo ndio ukaguzi uliofanyika.

Nimefika nyumbani nimeitandika khanga kwenye meza ya jikoni, nikaifungua. Panga moja limekatika, kweli. Mawili mazima. Nguzo nzima. Kichwa kizima. Nikalishika panga zima nikalitikisa.

Halikucheza.

Nikajaribu la pili. Gumu. Nikashika kile kipande kilichobaki cha la tatu. Kigumu kama kimepigwa riveti. Bawaba zote tatu zimebanwa mpaka masikio ya kichwa, zile ncha zinazoshika bawaba, yamejikunja kwa ndani, na kwenye nati kuna alama mbichi za spana, zinang'aa. Kuanguka hakukazi nati. Vumbi halikazi nati. Nati inakazwa na mtu.

Nikakaa chini. Kwanza nilicheka, kweli tena, nilicheka peke yangu kama chizi, kwa sababu jairo yangu ilikuwa haina kosa. Imefanya kilekile ambacho jairo iliyofungwa viwiko lazima ifanye. Kisha kicheko kikaisha.

Nikampigia Eliasi. Nikamuuliza swali moja tu: "Kichwa ulikigusa?"

 Halafu akasema, "Nakuja, mtani."

Akaja, na mfuko wa karanga za Kongwa mkononi, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Sikumkaribisha ndani. Tulisimama getini, upepo unatupiga vumbi usoni. Akasema alikuta nati zote zimelegea, mapanga yanacheza, akadhani kwa sababu Gaspa hayupo nimesahau kuzikaza. Kuhusu nilichomwambia alidhani ni utani. Akaona aniokoe kimyakimya bila kuniaibisha mbele za watu, halafu baadaye anitanie nacho mwaka mzima. Nilimwangalia na nikaamini kila neno. Ndivyo alivyo. Hata mimi ningemfanyia vivyo hivyo.

Kwa hiyo hilo la kukaza nimemsamehe palepale. Hata nimebeba sehemu yangu, maana jambo la maisha na kifo nililitia kichekesho. Shajara, andika hilo, asije akasema mtu kwamba Hilda hajui kusamehe.

Nikamuuliza, "Ulijua lini kwamba ni nati?"

Akatazama karanga zake. "Jana ileile. Ilivyolala tu kushoto, nikajua ni mkono wangu."

Jana! Kwa hiyo leo, pale kibandani, nilipokuwa nimesimama nimenyoosha mikono kama kichaa naeleza bawaba, kulikuwa na mtu mmoja anayenielewa. Mmoja tu kati ya wote. Alijua kila ninachosema ni kweli, alijua sababu iko wapi, alijua hata spana iliyotumika. Na akanyoosha mkono. Mkono uleule!

Nikamwambia hivyohivyo. Sikupandisha sauti, na mimi nisipopandisha sauti ndiyo uogope.

Akaanza kujikanyaga. Eti alishtuka, eti wote walishanyoosha, eti yeye ndiye msimamizi wa usalama, akisema mbele ya Mwenyekiti kwamba ni yeye aliyeiangusha, nani atamwachia tena ndege yake aikague? Nikamuuliza, na mimi nani ataniachia uwanja? Mama yangu nimwambie nini?  Akasema atanitengenezea mapanga mapya, mazuri, ya mbao ngumu, atayasugua mwenyewe. Akasema atazungumza na Mwenyekiti taratibu, hali ikipoa, pengine baada ya muda mambo yatasahaulika. Halafu akatamka lile neno.

"Mtani, naomba yaishe."

Yaishe! Jamani, hivi hili neno tulilipata wapi? Mtu akikukosea hadharani anakuja kuomba yaishe chumbani. Kuaibishwa umeaibishwa mbele ya watu na nyama inachomwa, kuombwa radhi unaombwa getini, wawili tu, na upepo ukichukua maneno yote. Ukikataa, wewe ndiye mwenye roho mbaya. Wewe ndiye unayekuza mambo. Nimeyamaliza mangapi mimi namna hiyo, ofisini, kwenye ukoo, kila mahali! Kila mara yakiisha, yanaishia kwangu. Wenzangu wanabaki safi kama walivyokuwa.

Nikamwambia, "Eliasi, mapanga najua kutengeneza. Hayo siyo ninayokudai." Nilimwita kwa jina. Tangu tufahamiane sijawahi kumwita kwa jina lake, na nikaona lilivyomwingia. Akaweka ule mfuko wa karanga juu ya ukuta, akaondoka. Bado uko huko. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Alipoondoka mama akapiga simu. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za huko, upepo, na kwenu je, upepo vilevile. Akauliza, "Lile dude lako halijambo?" Maana yeye huliulizia kama mjukuu. Nikasema limejikwaa kidogo. Akasema ameshawaambia majirani zake kwamba msimu ujao watakuja kuona mtama unaamiwa na dude, na yule jirani anayemsomea blogu amekataa kuamini. Akacheka sana. Mama yangu ana kicheko cha kukuvunja mbavu. Nikashindwa kumwambia habari ya uwanja. Nikasema mama, litakuja. Nikakata simu na nikalia kidogo, kwa hasira na kwa mengine pia.

Jirani, kama ndiyo unamsomea hapa, usiruke mstari. Msomee yote. Mwambie litakuja.

Nimeshazilegeza nati zote tatu. Masikio ya kichwa nimeyanyoosha kwa koleo, taratibu, nikiweka pini katikati yasipitilize. Bushi moja imeharibika, ninayo nyingine. Panga la akiba ninalo, limebaki kulipima uzito lifanane na wenzake, maana likizidi hata kidogo kichwa kitatikisika. Sasa hivi ninavyoandika jairo iko mezani, mapanga yananing'inia, na kila upepo ukipenya dirishani yanacheza juu na chini. Nimeyatazama mpaka moyo umeanza kushuka.

Niliwaza kumpigia Mwenyekiti nimmwagie yote. Halafu nikajiuliza, nikishasema mimi itakuwaje? Itakuwa neno langu. "Dada Hilda na hasira zake, sasa anamtupia mwenzake lawama." Najua kabisa atakavyosema, na sauti atakayotumia. Hapana. Neno hili lina mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo.

Kwa hiyo Jumamosi nitakwenda uwanjani. Nitaibeba jairo yangu waziwazi, bila khanga. Sitaomba kurusha, wamekataza, sawa, nina adabu zangu. Nitaomba kukaguliwa. Kukaguliwa hakukukatazwa na mtu, na sheria ya mkono wa pili ni ya kila kitu kinachoingia pale. Nitasema mbele ya wote kwamba mkono wa pili ninayemtaka ni Eliasi, msimamizi wa usalama, na kisanduku chake kinachong'aa. Hawezi kukataa. Nitasogea pembeni. Sitatania, sitaeleza viwiko, sitanyoosha mikono.

Ataanza na magurudumu. Atapanda kwenye propela, kwenye nguzo. Atafika kichwani, atalishika panga, na litacheza mkononi mwake mbele ya kila mtu.

Hapo tena sijui. Usiku na mchana tumekula pamoja, na bado sijui mtani wangu atafanya nini na ile spana. Akizikaza tena, nitajua nimempoteza rafiki, na nitaibeba jairo yangu nikatafute uwanja kwingine, hata kama ni kwenye majaruba makavu huko Haneti. Lakini akiziacha, Mwenyekiti atakuwa amesimama palepale na kofia yake, mikono nyuma, na atauliza kama anavyouliza siku zote, kwa sauti ya kusikika na wote: "Umekaza?"

Nataka kumsikia Eliasi akisema, "Hapana."